Kabla ya kulehemu chipu ya LVDS

Fundi mwenzangu, kabla hujapasha moto chuma cha kulehemu, soma jina la chipu ya LVDS, ile inayopeleka data kwa jozi ya nyaya kwa volti ndogo, mpaka herufi ya mwisho. DS90C031 inataka volti 5, DS90LV031 inataka volti 3.3, na miguu yake imepangwa sawasawa. Ukiichomeka ya 3.3 kwenye bodi ya volti 5, umeiua.

Halafu ujue inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea. Hii haisukumi volti kwa waya mmoja kama chipu za kawaida. Inapitisha mkondo mdogo, miliampea 3.5, unaokwenda kwa waya huu na kurudi kwa ule. Kugeuza moja kuwa sifuri ni kuugeuza mkondo tu. Kule mwisho, kwa mpokeaji, rezista ya omu 100 inaziunganisha nyaya hizo mbili, na juu yake ndipo panapotokea milivolti 350 zinazosomwa. Kelele ikiingia huzipata nyaya zote mbili sawa, na mpokeaji anatazama tofauti peke yake. Hiyo ndiyo siri ya kupeleka mamia ya megabiti kwa sekunde kwa umeme kiduchu namna hii.

Kwa hivyo rezista ile ndiyo roho ya kazi nzima. Zima umeme, weka multimita kwenye omu, pima kati ya nyaya mbili. Ukiona karibu na 100, endelea. Ukiona 50, kuna rezista mbili: mara nyingi mpokeaji ana yake ndani na mtu ameongeza nyingine nje. Usiposoma kitu, haipo, au waya umekatika.

Kama unachora bodi mwenyewe, njia hizo mbili ziende bega kwa bega, urefu sawa, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikae jirani kabisa na mguu wa umeme. Mkanda wa mkononi wa kuondoa umemetuli uvae, hasa chumba kikiwa na kiyoyozi.

Sasa chumvi ya hewa ya bahari. Mama mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniletea skrini yenye picha ya vidoto vidoto. Nikabadilisha chipu, vidoto vikabaki vile vile. Nilipoitazama konekta kwa kioo cha kukuzia, mguu mmoja ulikuwa umevaa kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Spiriti, mswaki mkuukuu, feni nusu saa, picha ikatulia. Tangu siku hiyo konekta naikagua kwanza, na chipu mpya haitoki kwenye pakiti yake kabla.

Ukishawasha, pima kila waya dhidi ya grandi, yaani sifuri ya bodi. Data ikiwa inapita, zote mbili zitakaa karibu na volti 1.2. Moja ikilala kwenye sifuri, zima hapo hapo utafute ilikogusana.