Mtu mmoja, ng'ombe kumi: kupunguza muda wa kukamua

Muda mwingi wa kukamua huliwa na miguu: kufuata maji, kutafuta kitambaa, kurudia chujio. Kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia, panga karibu na kizimba ndoo, maji ya vuguvugu, kitambaa safi kwa kila ng'ombe, kikombe cha kukagulia, dawa ya kuchovya chuchu, na kopo la maziwa likiwa tayari na chujio juu. Pumba iwe horini. Anayesubiri chakula hatulii.

Osha ng'ombe mmoja, mkamue huyohuyo. Wengi huosha viwele vyote kwa mkupuo, kisha ndipo wanaanza kukamua, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Chuchu ikiguswa, mwili hutoa oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yashuke. Huchukua dakika 1 hadi 1½ kufanya kazi, na nguvu yake huisha ndani ya dakika 5 hadi 8. Ukimfikia ng'ombe wa tano, ameshabana; utavutavuta na maziwa yatabaki ndani.

Kamulia michirizi 3 au 4 ya kila chuchu kwenye kikombe chenye uso mweusi. Ukiona mabonge au majimaji, dalili za ugonjwa wa kiwele, huyo anangoja mwisho, kwenye ndoo yake. Safi na wa uzao wa kwanza watangulie. Futa, kausha kabisa, anza.

Kwa mkono, bana shina la chuchu kwa gumba na shahada, kisha funga vidole vingine kimoja kimoja kushuka. Usivute: chuchu ikiuma, teke linafuata na ndoo inamwagika.

Kwa mashine ya ndoo, faida yote iko kwenye kupishanisha: maziwa ya wa kwanza yakianza kupungua, osha wa pili. Yakikatika, funga hewa kwanza ndipo utoe vikombe vinavyovishwa chuchu. Vikianguka ovyo, kagua mipira ya ndani. Ya kawaida hubadilishwa baada ya kukamua mara 2,500. Ng'ombe 10, mara mbili kwa siku, kwa seti moja ya vikombe, ni siku 125 tu, na wengi huitumia mwaka mzima huku wakimlaumu ng'ombe.

Chovya chuchu kwenye dawa ya iodini mara tu unapomaliza, umpe majani ale akiwa amesimama kama nusu saa. Tundu la chuchu bado liko wazi. Akilala kwenye tope sasa, vijidudu vinaingia.