Mnanaha kwenye kapu la mboga

Mvua za kwanza zikinyesha, mboga za mwituni huwahi kuota kuliko za bustani: mchicha pori, mnavu, mgagani, mlenda. Ni chakula kizuri, wala hatusemi watu waache kuchuma. Ila penye rutuba nyingi, kando ya zizi au jalalani, huota pia mnanaha, gugu lenye sumu, na ukiwa mchanga, wenye majani manne au matano, ni rahisi kuuchuma ukidhani ni mnavu.

Chuma mche mmoja mmoja, si kwa haraka jioni. Fikicha jani: la mnanaha hutoa harufu nzito ya kuchefua. Ukingo wake una meno makubwa yasiyolingana. Wa mnavu ni laini au una mawimbi tu. Mimea ikikomaa hakuna ubishi, kwani ua la mnanaha ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake lina miiba. Ua la mnavu ni dogo, petali 5 nyeupe na katikati njano. Hata mnavu wenyewe, chuma majani na ncha changa. Matunda mabichi ya kijani yana sumu.

Usitegemee kuchemsha na kumwaga maji. Sumu za atropini na skopolamini zilizomo kwenye mnanaha hazimalizwi na moto wa jikoni.

Aliyekula hukauka mdomo, ngozi huwa kavu na ya moto, moyo humwenda mbio, na mboni za macho hutanuka. Kisha huweweseka. Hapo ndipo wengi husema malaria imepanda kichwani, au mashetani, na saa zinapotea. Tazama mboni! Usimtapishe, usimpe maziwa. Mpeleke kituo cha afya na mabaki ya mboga pamoja na mche wenyewe, uliofungwa kwenye mfuko.

Hatari haiishii kwenye majani. Mbegu za mnanaha, bapa na nyeusi, zenye upana wa milimita 3 hivi, huvunwa pamoja na nafaka. Kwenye mahindi chekecheo huzitoa. Kwenye mtama hukaribiana ukubwa na punje, kwa hiyo ng'oa magugu haya shambani kabla hayajachanua. Yaliyokwisha kuzaa yasiachwe juu ya tuta, maana tunda la kijani huendelea kukomaa hata baada ya kung'olewa. Yafukie kwenye shimo refu, unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho.