Namna ya Kumtambua Dundu wa Kinyesi na Makazi Yake katika Misitu ya Kigoma

Anayetaka kumtambua dundu wa kinyesi mkoani Kigoma aanze kwa kuisoma ardhi, kwa sababu mdudu aliyetolewa mtegoni bila kuandikiwa alikotoka hawezi kueleza chochote kuhusu makazi yake. Katika vilima vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, kama vile vya Gombe, msitu mnene hufuata vijito mabondeni, miombo hushika miteremko, na nyasi hubaki migongoni mwa vilima, hivyo mwendo mfupi wa kupanda humpitisha mtu katika makazi matatu. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kukusanya wadudu bila kibali cha utafiti. Anayejifunza aanzie msitu wa kijiji, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji.

Wakati mzuri ni baada ya mvua za Novemba kulainisha udongo. Zika kopo la plastiki la lita moja hadi mdomo wake ulingane na ardhi, tia maji yenye sabuni kidogo isiyo na manukato, kisha ning'iniza juu yake gramu 30 hivi za kinyesi kibichi, zilizofungwa katika kipande cha chandarua, na ukinge mvua kwa jani la mgomba. Kopo lililowahi kubeba dagaa lisitumike, hata likioshwa, kwa kuwa baadhi ya dundu hawa hufuata pia harufu ya mzoga. Weka mitego mitano katika kila makazi, ikiachana angalau mita 50, na chambo kiwe cha aina moja na kiasi kimoja kila mahali, la sivyo utakuwa unalinganisha vyambo badala ya misitu. Kagua alfajiri na jioni: wengi wa wanaoviringisha vidonge vya kinyesi hufanya kazi mchana, ilhali wachimbaji wakubwa, kama wa jenasi (kundi la spishi za karibu) Catharsius, huruka usiku.

Katika utambuzi, lenzi ya mkono ina faida kuliko picha ya simu. Dundu wa kinyesi wa kweli ana kichwa bapa kama koleo kinachofunika sehemu za mdomo, vipapasio vinavyoishia kwa vibamba vinavyokunjuka, na kwa kawaida mwiba mmoja tu kwenye ncha ya muundi wa mguu wa nyuma; ukiona miwili, yaelekea umeshika jamaa zake wadogo wa kundi la Aphodius. Mwenye miguu ya nyuma mirefu na myembamba, mithili ya buibui, ni Sisyphus au jamaa yake wa karibu. Ukingo wa bawa gumu ukiwa umebonyea nyuma ya bega, hata ubavu wa tumbo ukaonekana kwa juu, huyo ni Gymnopleurus au Garreta. Wa jenasi Onthophagus ndio watakaokuchosha, kwani spishi zake duniani zinazidi 2,000. Hapo usihadaike na pembe: katika spishi moja, dume aliyekula vizuri akiwa buu huwa na pembe ndefu, na ndugu yake mdogo akakosa kabisa. Mara nyingi jina la spishi huthibitishwa kwa kuchunguza kiungo cha uzazi cha dume chini ya hadubini.

Kuhusu makazi, linganisha idadi na wala usitosheke na kuwapo tu, kwa maana dundu mmoja wa nyasi aliyepotea msituni hathibitishi kitu. Anayejitokeza tena na tena chini ya kivuli, na kutoweka mita chache nje ya ukingo wa msitu, huenda anafuata ubaridi na unyevu. Lakini pima pia udongo kwa kuufinyanga mkononi, kwa kuwa wachimbaji huchagua kati ya mfinyanzi na mchanga, na kivuli kinaweza kupewa sifa isiyo yake.

Hifadhi vielelezo katika alkoholi ya asilimia 70, pamoja na lebo ya penseli yenye mahali, mwinuko, tarehe, chambo na aina ya uoto. Spishi usiyoweza kuitaja iandike kwa jenasi na namba, mathalani Onthophagus sp. 1, na uitumie namba hiyo katika mitego yote, hadi mtaalamu atakapokilinganisha kielelezo chako na vya makumbusho.