SAT kwa mwanafunzi wa Dar: anza na pasipoti, hesabu zitafuata

Kabla hujatoa hata senti, jua SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, ni ya nani. Anayetaka Mlimani, Muhimbili au Ardhi haihitaji: kinachompeleka huko ni matokeo ya Kidato cha Sita na maombi yake ya udahili. SAT ni ya anayeomba vyuo vya Marekani, na hata huko vingi vimeifanya hiari. MIT waliirudisha kuwa lazima mwaka 2022, na Harvard nao wakairudisha. Kwa hiyo andika orodha ya vyuo unavyovitaka, fungua tovuti ya kila kimoja, uone kinadai nini. Ikiwa vyote ni vya hiari lakini unategemea ufadhili mkubwa, fanya tu. Alama nzuri humsaidia mwombaji ambaye shule yake haifahamiki kule.

Wengi hukimbilia vitabu vya mazoezi. Vitabu vipo na mazoezi ni ya bure. Kinachowakwamisha wanafunzi wa hapa ni kitambulisho, majina na tarehe.

Mlangoni utadaiwa kitambulisho halisi chenye picha, kilichotolewa na serikali. Namba ya NIDA uliyotumiwa kwenye simu haitoshi, wala nakala, wala picha iliyohifadhiwa kwenye simu. Kadi yenyewe wengine huisubiri mno, na aliye chini ya miaka 18 hana kabisa. Pasipoti ndiyo njia ya uhakika, na bado utaihitaji kwa viza. Tena vituo vya Dar vikijaa ukalazimika kufanyia Nairobi, hiyo ndiyo itakayokuingiza kwenye chumba cha mtihani. Maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisini. Andaa cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi mapema, na tenga shilingi 150,000. Anza miezi minne au mitano kabla ya mtihani, kwa sababu cheti cha mzazi kikikosekana utaanza safari ya RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kwanza, na hiyo nayo ina foleni yake.

Sasa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha Kidato cha Nne kinasema Muhammad, na jina la babu lipo kwenye kimoja tu. Hapa nyumbani tumezoea kumaliza jambo kama hili kwa hati ya kiapo. Msimamizi wa SAT hapokei kiapo. Analinganisha jina ulilojiandikishia na lililo kwenye kitambulisho, na yasipofanana anaweza kukuzuia kuingia. Dawa ni moja: fungua akaunti yako ya College Board, shirika linaloendesha SAT, pasipoti ikiwa mkononi, unakili jina la kwanza na la ukoo herufi kwa herufi. Usiweke jina la utani, wala jina unalotumia kwenye baruapepe. Waliokwisha kufungua akaunti kabla ya kupata pasipoti warudi waikague, maana kurekebisha jina mtihani ukiwa umekaribia ni usumbufu mtupu.

Kuhusu tarehe, nje ya Marekani mtihani hufanyika Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Mei na Juni, kwa kawaida siku ya Jumamosi. Mei ifute kabisa ukiwa Kidato cha Sita, maana ndio mwezi wa mtihani wa NECTA. Juni baada ya hapo unaweza kuwa umeitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kambini hutapata nafasi ya kushika laptopu, seuze kutoka kwenda kufanya mtihani. Agosti inaweza kukukuta bado uko huko.

Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema Novemba 1 na ya kawaida karibu na Januari 1. Ratiba inayofaa ni kufanya mara ya kwanza Machi ya Kidato cha Tano au Agosti mwanzoni mwa Kidato cha Sita, ukiacha Oktoba kwa ajili ya kurudia. Anayesoma bweni mkoani aombe ruhusa kwa mkuu wa shule mapema, kwa barua ya mzazi, na afike Dar Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Basi la usiku wa kuamkia mtihani ni kamari.

Kujiandikisha kwenyewe ni kazi ya saa moja ukiwa na kila kitu. Utahitaji baruapepe inayofanya kazi (si ya shule, maana ukimaliza inaweza kufungwa), picha ya uso inayoonekana vizuri bila miwani ya jua, na kadi ya malipo. Hijabu inaruhusiwa kwenye picha, mradi uso wote uonekane. Mwaka wa masomo 2024/25 ada ilikuwa dola 68, na dola 43 za ziada kwa wanaofanyia nje ya Marekani, jumla dola 111. Hakikisha kiasi cha mwaka wako kabla ya kuweka pesa. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya kidijitali kwenye M-Pesa. Weka pesa kidogo zaidi ya ada, kwani bei ya dola unayoiona gazetini siyo utakayokatwa. Kadi ikikataa, chunguza kwanza salio na kikomo cha malipo ya nje kabla ya kujaribu mara tano mfululizo.

Usingoje siku ya mwisho. Vituo vya jiji hili ni vichache, na nafasi huisha kabla ya muda wa kujiandikisha kuisha. Asiye na laptopu anaweza kuomba kuazimwa, lakini ombi lifike angalau siku 30 kabla ya mtihani, na ndiyo maana anayechelewa kujiandikisha hukosa vyote viwili.

Mtihani hufanyika kwenye programu iitwayo Bluebook. Simu haikubaliki, ila laptopu au iPad. Unachukua saa 2 na dakika 14. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 kwa dakika 64, Hisabati maswali 44 kwa dakika 70, na katikati kuna mapumziko ya dakika 10. Alama ni kati ya 400 na 1600. Kila sehemu ina moduli mbili, na ulivyofanya ya kwanza ndiyo huamua ya pili iwe ngumu au nyepesi. Ukipewa nyepesi, alama za juu kabisa huzifikii tena. Kwa hiyo uzembe wa moduli ya kwanza ni ghali. Jibu kosa halipunguzi alama, basi usiache swali wazi.

Mwanafunzi wa PCM asijidanganye na integresheni: haimo. Hisabati ya SAT kwa sehemu kubwa ni ya O-level, yaani aljebra, milinganyo, asilimia, uwiano, takwimu, pembetatu na duara. Mtu wa HKL aliyeiacha Kidato cha Nne anaweza kuifufua kwa miezi mitatu. Kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya programu, kizoee kuchora grafu nacho, kwani maswali mengi yanaisha kwa kuangalia tu mistari inapokatana. Orodha ya fomula nayo imo.

Ugumu wetu uko kwenye Kiingereza. Kila kifungu ni kifupi, cha maneno 25 hadi 150, na kina swali moja, lakini una sekunde kama 71 tu. Anayesoma aya mara tatu anakwama. Wengi pia hupoteza alama kwenye nukta-mkato na nukta mbili, ambazo shuleni hatukuzitilia maanani. Sheria zake ni chache na zinakaririka kwa wiki mbili. Anza na jaribio zima la bure ndani ya Bluebook, kwa muda kamili, ndipo ujue pa kuanzia. Kisha tumia Khan Academy, tovuti ya masomo, nayo ni bure. Mada unazokosa zifanyie kazi, halafu fanya jaribio jingine kila baada ya wiki mbili au tatu. Kufanya majaribio mfululizo bila kurudia makosa ni kumaliza bando tu.

Siku tano kabla, fungua Bluebook ukamilishe maandalizi ya mtihani na upate tiketi yako. Fanya hivyo nyumbani penye intaneti nzuri, maana masasisho ya kompyuta hupenda kujileta asubuhi ya mtihani. Usiku chaji laptopu mapema, umeme usije ukakuchezea. Betri idumu saa tatu au nne, kwa kuwa soketi haina uhakika. Mlango hufungwa saa 2:00 asubuhi. Kwenye tiketi utaiona kama 8:00. Anayetoka Gongo la Mboto au Kibamba kwenda upande wa Masaki aondoke saa 11 alfajiri, na awe ameijua njia wiki moja kabla.

Matokeo huingia kwenye akaunti baada ya wiki chache. Kutuma alama kwa vyuo vinne ni bure ukivitaja ndani ya siku 9 baada ya mtihani. Baada ya hapo kila chuo kinalipiwa.