Chungu cha chokoleti cha Escalade: namna ya kukitengeneza kivunjike vizuri

Kila Desemba madirisha ya maduka ya chokoleti mjini Geneva hujaa vyungu vya miguu mitatu, vyenye nembo ya mji: nusu tai na ufunguo. Ni kwa ajili ya Escalade, sikukuu ya kumbukumbu ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1602, pale askari wa Charles-Emmanuel, mtawala wa Savoy, walipoegemeza ngazi kwenye ukuta ili wauteke mji watu wake wakiwa wamelala. Inasimuliwa kwamba Catherine Cheynel, maarufu kama Mère Royaume, aliwamwagia supu ya mboga iliyokuwa ikichemka. Ndiyo maana chungu cha leo hujazwa mboga za marzipani, yaani kinyunga cha lozi na sukari, na sikukuu ikifika huvunjwa mezani mbele ya watu wote.

Basi chungu hiki kinatengenezwa ili kivunjwe, na fundi hupimwa hapo. Kikipigwa kinatakiwa kipasuke kwa mlio mkavu. Kikibonyea na kushikamana na vidole, ujue chokoleti haikutulizwa kwa joto linalofaa. Hatua ya pili hapa chini ndiyo ya kuipa muda wako mwingi.

Hatua ya kwanza: vifaa na chokoleti

Tafuta kilo 1 ya chokoleti ambayo pakiti yake imeandikwa couverture. Kwa kanuni za Ulaya, hiyo ina siagi ya kakao isiyopungua asilimia 31, kwa hiyo ikiyeyuka inatiririka vizuri. Nyeusi ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ya maziwa, ambayo Daniel Peter aliianzisha mjini Vevey mwaka 1875, ni tamu na watoto huipenda, ila mafuta ya maziwa huilainisha, nayo hudai joto la chini zaidi.

Utahitaji pia kalibu ya nusu mbili yenye upana wa kama sentimita 12, pamoja na ya kifuniko, kipimajoto cha jikoni, bakuli kavu na mwiko wa mpira. Isugue kalibu kwa pamba kavu mpaka ing'ae, kwa sababu alama yoyote iliyomo, hata ya kidole, itaonekana juu ya chungu.

Chumba kiwe na nyuzi 18 hadi 20. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, washa kiyoyozi mapema na usianze kabla chumba hakijapoa. Kwa nyuzi 30 chokoleti haigandi sawasawa, hata uwe fundi wa namna gani.

Hatua ya pili: kuituliza chokoleti

Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa aina sita za fuwele. Tunayoitaka ni moja tu, ile inayong'aa, inayokatika kwa mlio na kuyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani mdomoni na si mkononi. Kazi yote ya kupasha na kupoza ni kuipa aina hiyo nafasi ya kuzitangulia nyingine.

Katakata chokoleti yote vipande vidogo. Weka gramu 700 kwenye bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka, na bakuli lisiguse maji. Koroga polepole hadi ifike nyuzi 45 hadi 50, zaidi ya hapo hapana. Ondoa bakuli na ufute chini yake vizuri sana: tone moja la maji likiingia, chokoleti yote hukakamaa na kuwa uji mzito usiomiminika.

Sasa ongeza zile gramu 300 kidogo kidogo huku ukikoroga. Vipande hivi vina fuwele nzuri tayari, na ndivyo vitakavyozaa nyingine. Koroga bila haraka mpaka kipimajoto kisome 31 au 32 kwa chokoleti nyeusi, 29 au 30 kwa ya maziwa. Vipande ambavyo havijayeyuka vitoe.

Kisha ijaribu, na jaribio hili usiliruke kamwe. Chovya ncha ya kisu, iweke kando. Ikiganda ndani ya dakika tano, iking'aa na bila michirizi, endelea. Ikibaki laini au ikatoa weupe, ongeza vipande vichache vigumu, koroga, ujaribu tena.

Hatua ya tatu: kumimina

Jaza nusu moja ya kalibu hadi ukingoni, igongegonge mezani ili viputo vitoke, halafu ipindue juu ya bakuli na uache ziada idondoke. Kwangua ukingo. Fanya vivyo hivyo kwa nusu ya pili na kifuniko. Ikianza kushika, rudia tabaka la pili. Unene wa milimita 4 hadi 5 unatosha. Kinene zaidi ya hapo hakivunjiki kwa ngumi ya mtoto.

Umiminaji huu mwepesi una deni kwa Rodolphe Lindt wa Bern. Kabla ya mashine yake ya mwaka 1879, iliyosugua chokoleti kwa muda mrefu, chokoleti ilikuwa ya chengachenga na nzito.

Weka kwenye friji kama dakika 20. Chokoleti iliyotulizwa hunywea ikiganda, hivyo inajiachia yenyewe. Usiivute kwa kisu. Kama haijaachia, irudishe kidogo.

Hatua ya nne: kuunga na kujaza

Pasha sinia, gusisha kingo za nusu zote mbili kwa sekunde moja au mbili, zikutanishe na uzishike mpaka zitulie. Vaa glavu za pamba.

Kwa marzipani, changanya gramu 200 za lozi zilizomenywa na kusagwa laini, gramu 200 za sukari ya unga, na asali kijiko kimoja kimoja hadi ishikane. Tia rangi, finyanga karoti, liki na kabichi. Geneva huongeza peremende zenye karatasi nyekundu na njano, rangi za mji.

Siku ya kuvunja

Mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote waliopo hushikana mikono, husema "Ainsi périrent les ennemis de la République", yaani hivyo ndivyo walivyoangamia maadui wa Jamhuri, kisha hukipiga chungu pamoja. Wape nafasi hiyo hata kama mdogo ni wa miaka miwili.

Vipande vinavyobaki vifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, mahali penye nyuzi 16 hadi 18. Kwenye friji hushika unyevu, sukari ikapanda juu na kuacha weupe. Vilivyovunjika sana vitie kwenye maziwa ya moto asubuhi yake.