Usizime fayawoli, fungua mlango mmoja tu

Neno fayawoli limetoka kwa waashi: ukuta unaojengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto wa upande mmoja usirukie wa pili. Aliyeona makuti yakiwaka wakati wa kaskazi haelezwi mara mbili. Kwenye kompyuta, fayawoli ni kanuni zinazoamua mawasiliano yapi yapite na yapi yazuiwe. Wengine huiita ngome, ingawa kwa Mombasa jina hilo lina mwenyewe, Fort Jesus, tangu 1593. Kwa kawaida Windows hukataa hodi yoyote ya nje isiyo na kanuni ya kuiruhusu, na huachia karibu kila kinachotoka ndani. Kwa hiyo usiifanye antivairasi: faili mbovu uliyoibofya mwenyewe kwenye barua pepe imeshaingia.

Madukani, toka Biashara Street hadi Kongowea, kisa ni kilekile: mashine ya kaunta haiipati hifadhidata iliyo kwenye kompyuta ya ofisini. Fundi huzima fayawoli yote, mauzo yakaendelea, na haiwashwi tena.

Fanya hivi. Kwenye kompyuta ya ofisini bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika wf.msc, kisha Enter. Ingia Inbound Rules, New Rule, chagua Port. Weka TCP na namba ya poti, yaani mlango ambao programu husikilizia. Kwa MySQL, programu ya hifadhidata, kwa kawaida ni 3306. Ruhusu, acha alama kwenye Private (mtandao unaouamini) peke yake, na uipe kanuni jina utakalolielewa hata mwakani. Sasa ifungue tena, nenda Scope, na chini ya Remote IP address uandike anwani ya kaunta, mfano 192.168.1.20. Hapa ndipo wengi huruka, na bila hapa umemfungulia kila aliye kwenye Wi-Fi ya duka.

Jaribu ukiwa kaunta, ndani ya PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 3306

Hiyo 192.168.1.10 ni ya ofisini. TcpTestSucceeded ikisema True, mambo sawa. Ping, ile amri ya kupima kama mashine inajibu, isikuhadae: yaweza kukataliwa na poti iko wazi.

Ikija False, tazama kama mtandao kwenye kompyuta ya ofisini umewekwa Public, kwani kanuni ya Private haifanyi kazi hapo. Kisha hakikisha MySQL yenyewe imewaka. Na ikiwa jana ilikubali, stima zikapotea, leo imegoma, basi huenda ruta imeipa kaunta anwani nyingine: itengee anwani yake kwenye mipangilio ya DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani.