Kazi za kujirudia kwenye kompyuta, iachie faili ya bat ikufanyie

Kama kila jioni unakaa unakopi folda ile ile kwenda diski ya nje, ukimaliza unaanza kufuta mafaili ya zamani moja moja, aisee muda wako unaisha bure, hiyo kazi Windows inaifanya yenyewe kwa faili ya bat, yaani faili ya maandishi yenye amri zinazofuatwa moja baada ya nyingine, na wala huhitaji kuinstoo kitu.

Fungua Notepad uandike hivi:

@echo off
cd /d "%~dp0"
robocopy "%USERPROFILE%\Documents" "D:\Bakapu" /E /R:2 /W:5 /LOG+:bakapu.txt
if errorlevel 8 echo Bakapu imefeli >> bakapu.txt
pause

Hapo D: ni diski ya nje, kama yako ina herufi nyingine weka hiyo. Sevu kwa jina bakapu.bat, ila pale Save as type chagua All files, la sivyo utapata bakapu.bat.txt ambayo ukiibofya inafunguka Notepad tu. Mstari wa pili usiuache, kwa sababu ukirun kama administrator skripti inaanzia System32 (folda ya mfumo wa Windows) na ripoti yako itaenda kukaa huko. Na hizo /R:2 /W:5 ni muhimu mno, usipoziweka robocopy (amri ya Windows ya kukopi) ikikuta faili imefungwa na programu nyingine inajaribu tena mara 1,000,000, kila mara inasubiri sekunde 30, yaani bakapu inaganda hapo hapo kwa sababu ya faili moja.

Halafu kuna /MIR, chaguo jingine la robocopy, wengi wanaipenda, mimi nakwambia iogope. Inafuta kule unakopeleka kila kitu ambacho hakipo kule unakotoa, kwa hiyo ukizigeuza folda kwa bahati mbaya, ile tupu ikatangulia, kwisha habari. Kama lazima uitumie, anza na /L mwishoni, itakuorodheshea ingefanya nini bila kugusa kitu.

Kufuta pia ni hivyo hivyo, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri za Windows) uangalie kwanza:

forfiles /p "D:\Temp" /s /m *.tmp /d -30 /c "cmd /c echo @path"

Hii inaonyesha faili za tmp ambazo hazijabadilishwa kwa siku 30 au zaidi. Soma orodha yote, ukiridhika ndo ubadilishe echo iwe del.

Sasa ya kujirun yenyewe, toa ile pause kwanza maana itasubiri mtu abonyeze kitufe na mtu hayupo, kisha kwenye cmd (badala ya C:\Skripti weka folda ulipoisevu bakapu.bat):

schtasks /create /tn "Bakapu" /tr "C:\Skripti\bakapu.bat" /sc daily /st 18:00

Hapo itapiga kazi kila siku saa 12 jioni ukiwa umelogin. Kwenye Task Scheduler ukiona matokeo ni 0x1 usishtuke, robocopy inarudisha 1 ikiwa imekopi vizuri, shida ni 8 kwenda juu. Na kama ni laptop ingia Conditions utoe tiki ya AC power, bila hivyo ikiwa inatumia betri saa hiyo, bakapu haianzi.